Kitana cha Shilingi Mia Tano

Vuta kiti, na kama uko jikoni punguza moto kidogo, maana leo nina kisa cha kufuli, na kisa chenyewe kina mikia mingi.

Juzi asubuhi nimetoka feri kununua samaki, nafika kwangu, ufunguo unanikatikia ndani ya kufuli la geti. Nusu mkononi, nusu tumboni mwa kufuli, na mimi nje na ndoo yangu ya vibua. Jirani akaja na nyundo. Akalipiga mpaka likafunguka, lakini lilifunguka kwa mara ya mwisho. Basi nikaingiza samaki, nikamwomba jirani aniangalizie geti, nikashuka mpaka kituo cha daladala. Mbona kituoni na si dukani? Kwa sababu hapa Dar es Salaam kufuli halifuatwi, linakufuata wewe. Haikupita robo saa, kijana akatokea na ubao wake kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kufuli hilo unaachaje?"

"Hili elfu nane, mama, chuma tupu. Lakini wewe ndiye unanifungulia biashara, lete elfu sita."

Tukavutana, tukakutana kwenye elfu tano. Akawa anahangaika na chenji, nami nikabaki nautazama ule ubao. Pakiti za sindano. Pini zimefungwa kwa kipande cha waya kama samaki kwenye utungo. Nyembe. Mikasi midogo. Vioo vya mfukoni vyenye fremu nyekundu. Vitana vya plastiki. Chaja za simu zinaning'inia pembeni. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe unauza vitu vya zamani sana."

Akashtuka. "Hapana mama! Mzigo wote mpya huu, nimeutoa Kariakoo jana."

Hakusema uongo. Na mimi sikusema uongo. Ukiziondoa zile chaja, hakuna kitu kwenye ubao ule ambacho mtu wa miaka elfu mbili iliyopita angeuliza ni cha nini. Angekishika, angekigeuza, angekijua. Kitu kimoja tu kingemtoa macho, nacho ni bei. Hapo ndipo ninapotaka tukae jioni hii.

Nianze na kitana, maana ndicho kilichonifanya nicheke peke yangu kituoni watu wakaniangalia. Kilikuwa na meno pande mbili: huku meno mapana, kule meno membamba yaliyobanana. Aliyelelewa na bibi anakijua. Hicho hakikuwa kitana cha urembo. Ulikuwa unakalishwa chini, kichwa kati ya magoti ya bibi, kitambaa cheupe kimetandikwa mapajani, upande wa meno mapana unapita kwanza kutatua nywele, kisha upande wa pili unakuja kufanya msako. Ukilia, unaongezewa dakika.

Sasa sikia. Mwaka 2016 wanaakiolojia waliokuwa wakichimba Lachish, mji wa kale wa Wakanaani ulioko katika Israeli ya leo, waliokota kitana kidogo cha pembe ya ndovu. Urefu wake ni sentimita tatu na nusu hivi, upana mbili na nusu. Ukikiweka kiganjani kinakaa chote na nafasi inabaki. Upande mmoja kilikuwa na meno sita mapana, upande wa pili kumi na manne membamba. Meno yenyewe yalishakatika zamani, vimebaki visiki vyake. Kikasafishwa, kikahifadhiwa pamoja na vikorokoro vingine. Ni hadi mwisho wa mwaka 2021 ndipo mtafiti mmoja, akikikagua kwa makini katika picha iliyokuzwa, alipoona mikwaruzo ambayo haikuwa mikwaruzo. Ilikuwa maandishi. Herufi 17 za Kikanaani, ndogo kama punje, zimechongwa kwenye uso wa kitana.

Wataalamu wa maandishi ya kale walipozisoma, waliona ni dua: pembe hii iwang'oe chawa wa nywele na wa ndevu. Basi, hakuna zaidi. Kitana kinakadiriwa kuwa cha karibu mwaka 1700 kabla ya Kristo, na habari ilipotangazwa mwaka 2022 ilielezwa kwamba hiyo ndiyo sentensi kamili ya kale kuliko zote zilizowahi kupatikana zikiwa zimeandikwa kwa alfabeti. Alfabeti, msikilizaji! Hiyohiyo ambayo baada ya kupita kwa Wafoinike, Wagiriki na Warumi imetupatia a, e, i, o, u ya darasa la kwanza. Ungetegemea mtu aliyepata chombo kipya cha namna hiyo aandike sifa za mfalme, au sheria, au hata deni la ngano. Yeye kawaandika chawa. Na walipokiweka kitana chini ya hadubini, walikuta kwenye kisiki cha jino moja mabaki ya ngozi ya chawa wachanga. Kwa hiyo dua ilijibiwa, angalau siku moja.

Najua vijana wanacheka huko, kwa sababu siku hizi chawa ni mtu. Ni yule anayemganda msanii au tajiri, akimsifia kwa kila kitu mpaka anavyokohoa. Chawa wa namna hiyo hatoki kwa kitana, cha pembe wala cha plastiki. Lakini Lachish walikuwa na watawala wao, na penye mtawala sidhani kama hawakuwepo.

Katika kisa hiki kuna jambo ambalo ni rahisi kupitwa nalo. Lachish wakati ule hakukuwa na tembo. Pembe ile ilitoka mbali, yamkini Misri. Maana yake kitana kile kilikuwa cha mtu mwenye nacho, mtu wa nyumba kubwa. Chawa walikuwa wa wote. Dawa yake ndiyo iliyokuwa ya wachache. Na umbo la dawa hiyo, meno mapana huku na membamba kule, nililikuta kituo cha daladala kwa shilingi mia tano.

Hata lile chanuo kubwa la mti, la meno marefu na mpini, ambalo akina mama walikuwa wakilichomeka kwenye nywele likakaa kama taji, nalo lina ukoo mrefu. Mwaka 2013 jumba la makumbusho la Fitzwilliam, mjini Cambridge, Uingereza, lilifanya maonyesho ya chanuo la Kiafrika, na historia waliyoionyesha ilirudi nyuma miaka 6,000. Machanuo ya kwanza yalitoka makaburini, Misri ya kabla ya mafarao: ya mifupa na pembe, meno yanaelekea chini, mpini juu umechongwa ndege au mnyama. Mwishoni mwa safu wakaweka machanuo ya plastiki ya Marekani ya miaka ya 1970, yale yenye mpini wa ngumi iliyokunjwa. Nywele zetu hazikubadilika, na chanuo halikuona sababu ya kubadilika.

Msinichoke na chawa, bado nina kazi nao. Kuna chawa wa kichwani na kuna chawa wa mwilini, na huyu wa mwilini haishi mwilini hasa. Anaishi kwenye nguo. Anataga mayai kwenye mishono na mapindo, akishikwa na njaa anatoka kuja kula kwako, akishiba anarudi nyumbani kwake. Wanasayansi wakajiuliza: ikiwa nyumba yake ni nguo, basi hakuweza kuwepo kabla ya nguo. Wakachukua vinasaba vya chawa wa aina zote mbili, wakahesabu ni lini ukoo ulitengana. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 ulipata kwamba ni zaidi ya miaka 80,000 iliyopita, na pengine ni miaka 170,000. Hakuna kipande cha ngozi wala cha uzi kilichodumu muda wote huo ili kutueleza binadamu alianza kuvaa lini. Vyote vimeoza. Shahidi aliyebaki ni chawa.

Nguo za mwanzo, kwa vyovyote, hazikushonwa. Ilikuwa ngozi umejifunga na umekaza kwa ukano. Baadaye mtu akachonga mfupa ukawa na ncha, akatoboa ngozi matundu, kisha akapitisha ukano kwa vidole, tundu baada ya tundu. Hiyo ni kazi mbili: kutoboa, halafu kuchokoa. Mpaka akaja mtu mmoja, na mimi ningependa sana kumjua alikuwa nani, akatoboa tundu nyuma ya ule mfupa wenyewe, akafunga ukano pale. Sasa ncha inatoboa na uzi unafuata. Kazi mbili zimekuwa moja.

Mwaka huohuo wa 2016, huko Siberia, katika pango la Denisova kwenye milima ya Altai, wachimbaji walipata sindano ya mfupa wa ndege, ndefu sentimita 7.6, nzima, tundu lake liko palepale. Walikadiria umri wake kuwa miaka 50,000 hivi. Na kilichowashangaza zaidi ni tabaka la udongo ilimokuwa. Waliihusisha na Wadenisova, watu wa jamii nyingine waliokuwa binamu zetu na ambao hawapo tena, waliojulikana kwa mara ya kwanza kutokana na pango hilohilo. Kwa hiyo sindano, kwa kauli ya wachimbaji hao, si lazima tuseme ni uvumbuzi wetu. Yumkini tumeirithi kwa jirani.

Utasema, mama, sindano tu hiyo. Fikiria baridi ya Siberia. Ngozi iliyofungwa inaacha upepo. Ngozi iliyoshonwa kwa mshono uliobana haiachi. Kuna nchi ambazo binadamu asingeweza kukaa majira ya baridi bila mshono, na mshono mzuri unataka tundu.

Na tundu lile lilikaa nyuma ya sindano kwa miaka 50,000 bila mtu kulisogeza. Limehama jana tu. Nenda kwa fundi wa mtaani kwako, mwombe akuonyeshe sindano ya cherehani: tundu liko mbele, pale karibu na ncha. Huko New York miaka ya 1830 alikuwepo mtu anaitwa Walter Hunt aliyetengeneza mashine ya kushona ya namna hiyo, lakini hakujihangaisha kuchukua hati. Aliyechukua hati ya mashine kama hiyo, mwaka 1846, ni Elias Howe. Bila kulihamisha tundu, mashine isingeshona. Sindano ya mkono inapita nguo yote na kutokea upande wa pili. Ya cherehani inachungulia tu, inamkabidhi mwenzake uzi, inarudi.

Huyu Hunt ana kisa kingine ambacho siwezi kukiacha. Alidaiwa dola 15. Akakaa, akakunja waya huku na huku, akapata ile pini yenye kifuniko ambayo wanawake wote tunaifahamu, ya kufungia nepi, kitenge na ushungi. Hati yake ni ya mwaka 1849. Akaiuza kwa dola 400, akalipa deni. Utajiri wa pini ukaenda kwa wengine. Hata hivyo waya uliokunjwa ukajirudia wenyewe kama springi, na ncha ikalala kwenye kiota chake, Wagiriki wa enzi za Mycenae walikuwa wakijifungia nao mashuka mabegani zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Hunt aliiweka ncha ndani ya kofia isimchome mtoto. Hicho ndicho alichokiongeza, na ni kitu kizuri.

Nilisema tutakaa kwenye bei. Mwaka 1776 Adam Smith, yule Mskoti wa mambo ya uchumi, alianza kitabu chake kikubwa kwa kuzungumzia pini. Alisema mtu mmoja asiyeijua kazi, akipewa waya atengeneze pini mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa siku nzima labda atapata moja, na ishirini hazipati. Kisha akaeleza karakana ndogo aliyoiona yenye watu kumi: mmoja anavuta waya, mwingine anaunyoosha, wa tatu anaukata, wa nne anachonga ncha, na kichwa cha pini peke yake kina watu wake. Kazi kama kumi na nane kwa pini moja. Watu hao kumi walikuwa wakitoa pini zaidi ya 48,000 kwa siku. Hesabu yake ni pini 4,800 kwa kila kichwa. Pini haikubadilika hata chembe. Ila kuanzia hapo, kuipoteza si msiba.

Bibi yangu mimi sindano alikuwa nayo moja. Ilikaa kwenye kipande cha sufi, sufi kwenye kopo, kopo juu ya kabati. Ikianguka, nyumba nzima inasimama, hakuna kutembea, watoto wanatambaa na taa. Leo machinga anakuuzia pakiti ya sindano, na ukiangusha moja unasema nitaiona kesho.

Machinga naye si wa jana. Kuna kijitabu cha Kigiriki kinachoitwa Periplus, cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kilichoandikwa na mfanyabiashara ambaye jina lake halikubaki. Anaeleza bandari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, moja baada ya nyingine, nini kinauzwa na nini kinanunuliwa. Anafika mpaka pwani yetu, anaiita Azania, na soko la mwisho analolitaja analiita Rhapta. Orodha ya bidhaa zilizoletwa huku naipenda kuliko vitabu vingi vya historia: mikuki iliyotengenezwa Muza, bandari ya Yemen, mahsusi kwa biashara hii, vishoka, majambia, vyuma vidogo vyenye ncha vya kutobolea ngozi, na vitu vya kioo vya aina kadhaa. Hebu weka vitu hivyo kwenye ubao. Ni ubao uleule, isipokuwa wa zamani ulielea baharini. Manahodha wa Kiarabu, anasema, walikuwa wamezoeana na wenyeji, wakioa huku na kuijua lugha. Machinga asiyejua lugha hauzi.

Jina lenyewe la Rhapta, mwandishi anasema, limetokana na mashua zilizoshonwa. Kwa Kigiriki ni neno la kushona. Mbao zilikuwa hazipigwi misumari, zinatobolewa na kushonwa kwa kamba. Wazee wa Lamu na Pate hawahitaji kuelezwa, maana mtepe, uliokuwa ukishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, uliendelea kuonekana baharini mpaka karne iliyopita. Kwa hiyo mji huu wa pwani yetu wageni waliutaja kwa mshono wake. Na kutoka huku kulibebwa nini? Pembe za ndovu kwa wingi, pembe za faru, magamba ya kasa. Pembe zetu zilikwenda kuchongwa mapambo na vyombo vya matajiri wa ng'ambo, vitana vikiwemo.

Isije ikaonekana sisi tulikuwa wa kuletewa tu. Ule wembe kwenye ubao jina lake ni letu la Kibantu, na ukilitamka pole pole utasikia ndugu zake: wembe, jembe, na chembe, ile ya kichwa cha mshale. Shina ni moja. Cha kunyolea, cha kulimia na cha kuwindia vilitoka kwenye kipande kimoja cha chuma. Huko Kagera, karibu na ghuba ya Kemondo, Peter Schmidt na wenzake walichimba miaka ya 1970 wakakuta matanuri ya kuyeyushia chuma ya miaka karibu 2,000 iliyopita. Mababu wa Wahaya walikuwa wakifua wakati yule Mgiriki anaandika orodha yake pwani. Yeye bara hakufika, ndiyo maana vishoka vya Muza akaviona na vya Buhaya asivione.

Kioo nakipitia haraka. Sisi kwetu kioo cha dirishani na kioo cha kujitazamia ni neno moja, lakini vioo vya kwanza vya kujitazamia havikuwa kioo cha kuyeyushwa. Çatalhöyük, nchini Uturuki, miaka kama 8,000 iliyopita, walikuwa wakichukua jiwe jeusi la volkano na kulisugua mpaka likatoa sura ya mtu. Baadaye ikaja shaba iliyong'arishwa. Kioo chenye fedha mgongoni, cha namna hii tunayoijua, kilipatikana baada ya Mjerumani Justus von Liebig, mwaka 1835, kugundua namna ya kuifanya fedha itande juu ya kioo kama ukungu. Cha machinga hakina fedha, nadhani. Kilinionyesha sura ambayo sikuipenda, nikakirudisha.

Turudi kwenye kufuli.

Kama una ufunguo wa mlango karibu yako, uchukue. Ule mdogo, bapa. Tazama ukingo wake: vilima na mabonde. Kila kilima kina kazi yake. Ndani ya kitasa mna vijipini vimejipanga kwenye mstari, kila kimoja kimekatwa vipande viwili, na springi inavisukuma chini. Ufunguo ukiingia, vilima vinavinyanyua. Kama ufunguo ndio wenyewe, vile viungo vya katikati vyote vinakaa mstari mmoja sawasawa, na silinda inazunguka. Kipini kimoja kikizidi au kikipungua kwa unywele, utazungusha mpaka kesho. Mashine hiyo ni ya Mmarekani Linus Yale, mtoto wa fundi makufuli mwenye jina hilohilo, na hati zake ni za mwaka 1861 na 1865.

Lakini ondoa springi, ondoa chuma, kuza kila kitu mara ishirini, weka mti. Umepata komeo la Misri ya kale. Pingo la mti linapita mbele ya mlango na kuingia ukutani. Juu ya pingo pana kisanduku chenye vijiti. Pingo likifika mahali pake, vijiti vinaanguka kwa uzito wake kwenye matundu ya pingo, na hapo halitoki tena. Ufunguo wake ni kipande cha mti kama mswaki mkubwa, chenye meno yaliyopangwa sawasawa na vile vijiti. Unaupenyeza ndani ya pingo, unainua, meno yanasukuma vijiti juu, unavuta. Basi. Makomeo ya mti ya ukoo huo yaliendelea kutumika mpaka siku za karibuni. Ya Wadogoni wa Mali, kwenye maghala yao ya nafaka, yamechongwa sura za watu juu yake na sasa yako kwenye majumba ya makumbusho.

Vitabu vingi vinasema komeo la kwanza lilikuwa Khorsabad, kaskazini mwa Iraki, na kwamba lina miaka 4,000. Hesabu hiyo hainiingii akilini, kwa sababu mji huo ulianza kujengwa na mfalme Sargoni wa Pili wa Ashuru mwaka 717 kabla ya Kristo. Toa mwenyewe. Joseph Bonomi, aliyeandika juu ya uchimbaji wa mji huo mwaka 1852, alieleza lango lililokuwa likifungwa kwa komeo kubwa la mti ambalo ufunguo wake ni mzigo wa mtu mmoja. Hapo ndipo wasomaji wa Biblia wanapoelewa ule mstari wa Isaya, sura ya 22, ambapo Eliakimu anaahidiwa ufunguo wa nyumba ya Daudi, nao utawekwa begani mwake. Nilipokuwa mtoto nilifikiri ni lugha ya mafumbo. Kumbe ufunguo ulikuwa unabebwa begani kama jembe! Na nawaonea wivu. Mimi wa kwangu unatosha chini ya kucha, ndiyo maana kila wiki natafuta.

Warumi ndio walioupunguza. Wakaingia kwenye chuma, wakatengeneza funguo ndogo kiasi cha kuvaliwa kidoleni kama pete, maana vazi lao halikuwa na mfuko. Na kufuli la kuning'inia walikuwa nalo. Huku kwetu milango mikubwa ya Unguja na Lamu, yenye nakshi zote zile, ilikuwa ikifungwa kwa nje kwa mnyororo unaopita kwenye tumbuu na kufuli. Neno kufuli lenyewe tumelipata kwa Waarabu.

London napo palikuwa na fundi, Joseph Bramah. Kampuni yake iliweka kufuli dirishani mwa duka na tangazo kwamba atakayelifungua bila ufunguo atapewa gini 200. Likakaa pale zaidi ya nusu karne. Mwaka 1851 wakati wa maonyesho makubwa, akaja Mmarekani, Alfred Hobbs, na vifaa vyake. Alitumia saa 51, zilizogawanyika kwa siku 16, likafunguka. Mimi jirani yangu alitumia nyundo na dakika tatu.

Kijana wa watu alirudi na chenji. Akanikabidhi kufuli, na funguo mbili kwenye kipete cha waya. Nikamwambia aongeze na kitana. "Kile cha meno pande mbili, mwanangu." Akauliza ni cha mjukuu? Nikamjibu ndiyo, shule zimefunguliwa, na shule zikifunguliwa hakuna anayerudi nyumbani peke yake.

Jana jioni mjukuu alikaa kati ya magoti yangu, kitambaa cheupe mapajani. Meno mapana kwanza, kisha membamba. Alilia, nikamwongezea dakika. Kitana bado kimo mkobani mwangu hapa studio, kimeoshwa kwa maji ya moto, na fundi mitambo tangu nianze kuzungumza ananiangalia kupitia kioo huku anajikuna. Nimemwonyesha kwa mkono kwamba nasikitika, simwazimi. Cha kwake mia tano, kituoni.